Loyce Maganga na Mashine ya Njia Nne

Majembe hayatoki, Gideon. Nimeyakalia, na uzito wangu unaujua.

"Bibi, wachimbaji wako makaburini tangu asubuhi," anasema Gideon, mtoto wa kwanza wa marehemu. "Wanangoja majembe."

"Wangoje. Mimi Mzaramo wa Kurui, mama yako Mnyamwezi wa Nzega. Mtani akishika majembe msibani hanyang'anywi, anabembelezwa."

"Basi tukupe nini? Kuku?"

"Kuku nimeshamla. Mwiteni Mwalimu Telesphory, mwenyekiti wa kamati ya bustani. Aje hapa aseme kwa kinywa chake kama kweli Jumatatu anang'oa mashine ya mama yako pale sokoni. Akishasema, mtachimba."

Na wewe Salama, mjukuu wangu, mke wa Gideon, uliyeshika kalamu, andika ninavyosema. Usinirembee. Kesho utayasoma haya mbele ya watu, na karatasi zichapwe hivi hivi.

Marehemu Loyce Maganga alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 huko Nzega, mkoani Tabora. Alipolia mara ya kwanza, ng'ombe wa kijiji cha pili waligeuza shingo kutazama. Ndugu zake waliofika jana kutoka Nzega wamenikatalia, wanasema huo ni uongo, kilikuwa kijiji cha tatu.

Alianza shule ya msingi huko huko kwao mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973. Mwaka mmoja kengele ya shule ilipasuka, na mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta nyingine. Kila mchana alimsimamisha Loyce mlangoni, akampa ishara, Loyce akaita, "Tumemaliza!" Wanafunzi wakaondoka. Siku moja wakaondoka hata karani wa mahakama, na wauza nyama, na polisi. Mimi sikuwepo, ila aliyenisimulia ni marehemu mwenyewe, na marehemu hakuwa mwongo kunishinda.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na Silas Maganga, fundi magari. Walilingana. Silas naye alikuwa mtu wa maneno. Walipohamia Kibaha mwaka 1986, alianza hadithi treni ilipoondoka Tabora, wakashuka Dar es Salaam hajafika katikati. Walijenga hapa Mkuza, wakajaliwa watoto wawili, Gideon na Margareta. Nyumba hii haikuwahi kuwa na redio, na hakuna aliyeona kama inapungukiwa.

Mwaka 1994 marehemu alifunga mashine ya kusaga katika Soko la Njia Nne. Silas aliitengeneza ilipoharibika, Loyce aliiendesha. Mwaka uliofuata akaja Kurui kutafuta mahindi, ndipo tulipokutana. Nikamwambia, "Nyie Wanyamwezi mababu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Beba na huu tuone." Akajitwika gunia. Nikapanda juu ya gunia. Akatembea nami mpaka barabara kuu bila kusimama, akanitua, akasema, "Mzaramo mwepesi kuliko pumba." Tangu siku hiyo tukawa ndugu, na miaka mingi baadaye mtoto wake akamwoa mjukuu wangu.

Salama, hapa andika polepole.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, kabla ya adhuhuri, mtu aliacha mfuko katikati ya magunia ya watu waliopanga foleni kwenye mashine. Waliomtuma sitawatafutia majina, hawana nafasi kwenye karatasi hii. Bomu lilipolipuka, Loyce alikuwa amevuka barabara kwenda kununua mkanda wa mashine. Silas ndiye aliyekuwa akisaga. Wenzetu kumi na mmoja walikufa pale, na Silas mmoja wao. Mwingine alikuwa Juliana, binti wa pekee wa Mwalimu Telesphory, aliyekuwa ameletewa mahindi na mama mkwe wake, akaja kusaga dona.

Soko lilizungushiwa mabati. Baadaye ikaundwa kamati ya kujenga upya, na Mwalimu Telesphory akawekwa mwenyekiti. Vibanda vilijengwa vizuri, sina neno. Ila pale pale lilipolipuka, kamati ilitaka bustani: maua, viti vya saruji, jiwe lenye majina, uzio, na kibao cha kuomba watu wakae kimya. Mashine ipelekwe nyuma ya stendi.

Marehemu hakwenda kwenye kikao kulalamika. Alimchukua fundi Mashaka, wakafungua bati moja, wakamwaga zege, wakafunga mashine mpya mahali pa ile ya zamani, futi kwa futi. Mgambo walipofika kumtoa, alisema, "Ifungeni pingu mashine kwanza, ndiyo inayopiga kelele." Mgambo mmoja alikuwa na mahindi ya mama yake kwenye baiskeli. Aliyasaga akaondoka.

Na kila asubuhi, akishaiwasha, kabla ya kusaga kilo ya kwanza, aliyaita majina ya wale kumi na mmoja. Hakuyasoma popote. Aliyapaza kwa sauti ile ile ya kengele ya Nzega, maana mashine ilikuwa inaunguruma, na wateja kwenye foleni waliitikia, "Yupo!" Mwanzo niliona ni wazimu. Mara ya pili nikaitikia na mimi.

Mwalimu Telesphory hakuweza kuvumilia. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Siku moja alivuka, mimi nikiwepo nimekaa juu ya gunia langu.

"Mama Gideon, nakuomba," akasema. "Jina la mwanangu usilipigie kelele sokoni."

"Nikinong'ona hatanisikia, Mwalimu."

"Amekufa! Hakusikii hata ukipasua koo. Huu mngurumo ndio kitu cha mwisho alichosikia duniani. Mimi kila asubuhi unanigonga kifuani. Nataka mahali pa kukaa nimkumbuke, kimya, basi."

Loyce alizima mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaizima foleni ikiwa imejaa.

"Pole, baba," alimwambia. "Pole sana. Lakini sikiliza. Silas wangu hakuwahi kunyamaza hata akiwa amelala. Unamweka kwenye bustani ya kimya, atakaa na nani? Na Juliana hakuja hapa kufa. Alikuja kusaga unga akapike. Aliyeweka ule mfuko alitaka hapa pasisagwe tena. Wewe ukija na uzio wako, unammalizia kazi yake."

"Usinifananishe na muuaji!"

"Sikufananishi. Nakuambia usimsaidie."

Mwalimu aliondoka analia, na Loyce akawasha mashine naye analia, na unga wa siku ile watu walisema ulikuwa na chumvi. Hilo msinikatalie, nilipika ugali wake.

Ugomvi ule uliendelea miaka. Mwaka jana kamati ikafikia maelewano naye: uzio usubiri, mashine ibaki hapo mpaka Loyce atakapoondoka duniani, kisha eneo lote liwe bustani. Alikubali akicheka. "Mtaningoja mpaka mchoke," akawaambia. Hawakujua, na Gideon hakujua, kwamba moyo wake ulikuwa umeshatanuka, na kwamba madaktari walikuwa wamemkataza kunyanyua hata ndoo.

Aliugua kwa muda mrefu bila kulala kitandani. Tarehe 29 Juni mwaka huu alizidiwa, akapelekwa hospitali jijini Dar es Salaam. Wodini alimwita muuguzi akamuuliza, "Mwanangu, mbona huku kimya hivi, kuna mtu amekufa?" Wagonjwa wote wakacheka, hata mmoja aliyekuwa amefungwa taya. Margareta alikaa naye siku zote. Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, saa moja asubuhi, saa yake ya kuwasha mashine, alimwambia Margareta aanze na Silas. Margareta akaanza, akaita majina mpaka la mwisho. Marehemu aliitikia mpaka la Juliana. Baada ya hapo hakuitikia tena.

Jana, mwili ukiwa bado mochwari, kamati imetuma ujumbe: Jumatatu mafundi wanakuja kung'oa. Maelewano ni maelewano, wamesema. Gideon ameusoma, ameukunja, ameuweka mfukoni. Gideon mpole kama baba yake akiwa amelala. Mimi si mpole, na mama yake hakunifundisha upole.

Kwa hiyo kesho mkisikia wasifu huu mjue hivi: Loyce hakuacha bustani, hakuacha jiwe. Ameacha mashine inayosaga mahali palipotakiwa kufa, na watu wanaojua majina kumi na mmoja kwa moyo bila kwenda kuyasoma ukutani. Anayetaka kumkumbuka akachambue mahindi apange foleni.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gideon na Margareta, mkwe mmoja, Salama, wajukuu wanne, dada zake wawili wa Nzega, fundi Mashaka, na mtani mmoja wa Kurui ambaye hatapata wa kumtukana tena vizuri hivyo. Loyce, Mnyamwezi wangu, mzigo umetua. Pumzika kwa amani yako mwenyewe, ile yenye kelele, na Mwenyezi Mungu aku...

Nani huyo mlangoni? Mbona mnageuza shingo wote?

Ni Mwalimu Telesphory. Amevaa suti yake ya vikaoni, na begani ana gunia. Bega zima limekuwa jeupe kwa vumbi la mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema ulilojia."

Hanitazami mimi. Anamtazama Gideon.

"Nimeleta mahindi ya msiba," anasema. "Hayajasagwa. Mashine nyingine zote nimezipita njiani. Baba, ile ya mama yako inawaka?"