Bi. Hosiana Mayala Anastaafu, Fomu ya Limi Bado Iko Mahakamani

Bi. Hosiana Mayala, mhudumu wa wodi ya upasuaji, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Nimeombwa niandike maneno matamu ya kuweka kwenye ratiba ya sherehe. Nitajaribu, ila nina hasira, na keki ya leo haitanipoza.

Alianza mwaka 1992 akisukuma machela na kuosha mabeseni. Mwaka haujaisha, madaktari waliotoka mbali wakagundua kwamba bila yeye hawaelewani na wagonjwa. Mfugaji anayejua Kisukuma tu akifika, anaitwa Hosiana. Hakuna aliyemwajiri awe mkalimani, tulimgeuza tu. Hata lugha ya machimboni aliijua. Mchimbaji mmoja wa Geita alizinduka kutoka nusu kaputi akipiga kelele kwamba duara limetema, daktari mgeni akakimbilia beseni la matapishi. Hosiana alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaeleza kwamba mgonjwa anaota shimo lake limetoa dhahabu.

Mwaka 2022 Limi, mkulima wa pamba kutoka Kishapu, alitolewa mfuko wa nyongo hapa kwetu. Daktari akakata na mrija usiopaswa kuguswa. Siku ya nne macho yake yalikuwa ya njano kabisa. Akaambiwa ni uchovu wa dawa, akaruhusiwa kwenda nyumbani! Aliponea hospitali ya rufaa baada ya kupasuliwa mara mbili zaidi, na hadi leo hawezi kuinama kupalilia.

Alipofungua kesi, uongozi ulitoa fomu ya ridhaa. Ina alama ya dole gumba, na imeandikwa kwamba mgonjwa alielezwa hatari zote kwa Kisukuma, mkalimani Hosiana Mayala. Hosiana akaitwa ofisini, akaombwa akumbuke vizuri. Alikumbuka vizuri sana. Mahakamani alisema: "Mheshimiwa, siku hiyo nilikuwa Samuye, tunamzika kaka yangu. Huyu mama hata salamu ya wangaluka sikumpa."

Wakili wa hospitali akamwita msahaulifu. Wiki iliyofuata akahamishiwa chumba cha kufulia. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, anakamua mashuka yenye damu kwa sababu amesema kweli! Na sisi tulifanya nini? Tulikuwa tunapishana naye koridoni tukijifanya tunaangalia simu. Shenzi kabisa sisi.

Mimi ndiye wa kwanza, maana jina lake niliandika mimi. Limi alikuwa tayari juu ya machela, daktari ananihimiza, nafasi ya jina la mkalimani kwenye fomu iko wazi. Nikajaza Hosiana, kama tulivyozoea kumjazia kila asiyejua Kiswahili, bila kuangalia kama yuko zamu. Limi hakuelezwa chochote na mtu yeyote. Tulimpaka wino kidoleni tu.

Bi. Hosiana, asante kwa kila mgonjwa uliyemfanya asikike. Tunakutakia ustaafu wenye afya na usingizi mzuri huko Samuye. Kesi inaendelea tarehe 14 Julai. Usijisumbue kuja. Nimeshamwandikia wakili wa Limi, na siku hiyo nitasimama mimi kutoa ushahidi.

Esta Marwa, muuguzi, wodi ya upasuaji