Chapati za Kiwanda cha Peremende

Boti ya kwenda kisiwa cha Takawiri ilikuwa imetoka Mbita tu, mama aliyekaa mbele yangu akamgeukia mwalimu wa mtoto wake. Mimi sikuwa nasikiliza. Boti yenyewe ndiyo ndogo.

"Mwalimu Oliver, uliniambia Liz anaenda tripu ya kiwanda cha peremende. Nikaamka alfajiri kupika chapati. Kumbe hata geti ya shule hakutoka!"

"Alienda, Mama Liz. Tulitembea kiwanda kizima kwa projekta, mashine baada ya mashine."

"Yawa! Sasa chapati zilikuwa za nini?"

"Umewahi kuona watoto wakienda tripu bila chapati?" Mwalimu aliuliza kama mtu anayesoma sheria. "Walikula tulipofika kwa mashine ya kufunga peremende. Na hakuna aliyetapika njiani." Hapo, kusema kweli, alinishinda.

"Na peremende, walipewa?"

"Hata wanaoenda na basi hawapewi. Ijumaa tunaenda makumbusho, Nairobi."

Boti ilipogusa mchanga, mama alisimama. Akavua viatu, akashuka majini, halafu akageuka.

"Nairobi kuna baridi," akasema. "Nitamvalisha sweta."