Ufunguo wa Bweni

Benchi yetu hapa Kitengela ni mawe matatu yaliyokataliwa na wajenzi, na sisi tunaoyakalia tumefukuzwa nyumbani mpaka chakula kiive. Jumapili hiyo ya mwaka elfu mbili na moja tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye birika la kahawa la Wahu. Alikuwepo Mulwa, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye tunamwita Cheche. Otiende, karani wa kiwandani, ni Waziri, kwa sababu hutoa amri asizozifuata. Metito, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, ni Sopa, kwa salamu yake ya Kimaasai. Nami nilikuwepo. Sote wanne ndio kamati ya wazazi wa shule ya bweni ya wasichana iliyo pale juu. Redio ilikuwa imetangaza moto katika shule moja ya mbali, na mwalimu mkuu alitaka mpango wetu wa dharura kesho yake. Niseme wazi: tulikuwa na hofu, ndiyo maana tulipiga kelele.

Waziri: Ndoo za mchanga. Tupake rangi nyekundu, kila mlango ndoo moja. Nimemaliza.

Sopa: Ndoo ni mchezo. Wasichana wafundishwe kutoka pole pole kwa laini, kama ng'ombe kwa josho. Haraka haraka haina baraka.

Cheche: Moto iko nyuma yako na wewe unangoja baraka?

Sopa: Ero, ndugu yangu, ng'ombe zikisukumana zinaumia. Weka msichana mmoja mbele, avae kengele. Wengine watafuata sauti.

Waziri: Kengele ya ng'ombe kwa shingo ya mtoto wa mtu!

Sopa: Ile ndogo. Ya ndama.

Mimi: Si walale na viatu tu? Na sweta. Moto ukija, wako tayari.

Waziri: Wewe nawe! Afadhali walale uwanjani. Bweni bila watu haiwezi kuchoma mtu. Kinga ni bora kuliko tiba.

Sopa: Na fisi?

Waziri: Kwa fisi tutaunda kamati ndogo.

Cheche: Nyinyi ongeeni. Mimi kazi yangu nilimaliza mwaka jana, magodoro yalipoibwa. Grili zangu hata ndovu hawezi kung'oa. Tangu nichomelee hizo dirisha, hakuna kitu imetoka kwa hiyo bweni.

Tulimpongeza. Wahu alikuwa anamwongezea kahawa pale mama mmoja aliyekuwa amesimama na kikombe chake alipotusogelea. Alikuwa Phylis, mpangaji mpya kutoka Kakamega. Kando yake alisimama bintiye Valerie na sanduku la chuma, maana alitakiwa kuripoti shuleni alasiri hiyo.

— Samahani, baba zangu. Usiku hiyo bweni inafungwa?

— Inafungwa sana, mama, — alisema Cheche. — Kufuli kubwa, kwa nje.

— Na ufunguo inalala wapi?

— Kwa matroni, — alisema Waziri.

— Kwa askari wa geti, — alisema Sopa.

Wakasema pamoja, kisha wakatazamana. Mimi nilikuwa karibu kusema ni kwa mwalimu wa zamu, ambaye hulala mjini.

— Na nyinyi ndio kamati? — aliuliza Phylis, bila dharau yoyote, na hilo ndilo lililouma.

Cheche alimwaga kahawa yake chini, akasimama. Kitanda cha Mwelu, bintiye, kiko chini ya dirisha la mwisho, lile alilolisifu hapa hapa wiki nzima.

— Unaenda wapi, Baba Mwelu? — nilimuuliza.

— Kuchukua msumeno wa chuma.

— Si ungoje kesho? Leo ni Jumapili, na mwalimu mkuu hajakubali.

— Mwelu analala huko leo.

Waziri, bila kutoa amri yoyote, akakunja mikono ya shati la kanisani. Sopa alikuwa anatazama chini.

— Hata boma yangu iko na mlango wa pili, — alisema. — Ya ng'ombe.

Tukaondoka sote, kahawa ikabaki inafuka. Nyuma yetu Phylis alilivuta sanduku kivulini, akaketi juu yake na kumpa Valerie nafasi ubavuni.

— Mama, si umlete tu mtoto aandikishwe? — nilimwita. — Tuko pamoja nawe.

— Nitangoja hapa. Mkirudi, nileteeni hiyo kufuli.