Arobaini na Moja Nukta Tatu: Maisha ya Hilkka Lehtiö, 1950–2024

Hilkka Annikki Lehtiö, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 24 Februari 2024 hapa Rauma, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950 huko Puolanka, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Eino Moilanen, mkata magogo, na marehemu mkewe Lempi.

Tangu utotoni hakupenda kukisia. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake na jirani walibishana juu ya joto la sauna yao, kila mmoja akiapa kwa kipimajoto chake. Hilkka akaazima vipimajoto vya nyumba tatu, akavitundika pamoja ukutani, na kila kimoja kikasema lake.

"Haya, profesa," baba akamwambia, "kipi kinasema kweli?"

"Bado, baba. Nangoja maji yachemke nivijaribu vyote humo."

"Na sisi tuoge lini?"

"Ogeni tu. Joto halitasubiri jibu langu."

Alisoma shule ya msingi Puolanka, kisha sekondari Kajaani, ambako alipanga chumba kwa shangazi yake. Mwaka 1969 alijiunga na Chuo Kikuu cha Turku kusomea kemia, akahitimu mwezi Mei 1974. Ndiye wa kwanza katika ukoo wa Moilanen kuvaa kofia ya mhitimu, na mama yake alisafiri nchi nzima kwa treni kuja kuiona.

Tarehe 18 Juni 1977 alifunga ndoa na Raimo Lehtiö, fundi wa bandarini. Nyumbani alipima kahawa kwa mizani, gramu kwa gramu, hadi mama mkwe akauliza, "Mwanangu, hii ni kahawa au dawa ya kikohozi?" Lakini alikunywa vikombe vitatu. Walijaliwa watoto wawili, Outi, anayewasomea haya, na Jarkko.

Kazi yake yote, tangu 1975 hadi alipostaafu mwaka 2014, aliifanya katika maabara moja inayopima mionzi kwenye sampuli za mtambo wa nyuklia. Hapa ndipo marehemu alipotaka tusimame kidogo. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye hakutaka ya kwake ibaki kwa mwosha. Alimwambia binti yake ayaandike haya na kuyasoma, na Outi alikataa.

"Mama, watu watakula keki ya msiba huku wanakusema."

"Waile. Keki ni ya kuliwa."

"Nami je? Nitasimama kanisani niseme mama yangu alidanganya?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Kama huwezi, usisome lolote. Waimbe tu, mnizike."

Basi Outi anasoma.

Kila baada ya miaka michache, maabara za kwetu na za nchi jirani zilipelekewa maji yaleyale kutoka ndani ya mtambo, yamegawanywa katika vichupa. Kila maabara ilipima kivyake, bila kuambizana, kisha majibu yakawekwa pamoja ijulikane nani anapima sawasawa. Namba hizo si za mchezo, maana kwazo huamuliwa taka za mtambo zizikwe wapi, na zifungwe kwa unene gani.

Mwaka 1996 zilishiriki maabara tisa, na kilichotafutwa kilikuwa nikeli yenye mionzi. Nikeli hutembea na kobalti kama mapacha, na kobalti ikisalia kwenye sampuli, mashine huihesabu nayo. Mwongozo uliotumika na wengi ulisema sampuli ioshwe mara moja tu kuondoa kobalti. Hilkka hakuridhika, akaosha mara mbili. Kwa bekereli, kile kipimo cha mionzi, alipata arobaini na moja nukta tatu kwa gramu. Akarudia. Ikaja ileile.

Namba ile ilimtia hofu, kwa kuwa miaka yote majibu ya maji kama yale yalikuwa juu zaidi. Tarehe 3 Oktoba, mkuu wake akiwa chakulani, akampigia simu rafiki yake Gunvor wa maabara moja ya Uswidi.

"Shoga yangu, nambie tu kama nimepotea."

"Hilkka, nawe! Si tumeambiwa tusiambizane?"

"Namba moja tu."

Gunvor akashusha pumzi. "Sitini na mbili. Na wenzetu wengine wawili wako hapohapo. Wewe?"

"Tutaonana Stockholm," Hilkka akajibu, akakata simu.

Siku ya pili aliandaa sampuli mpya, akaiosha mara moja kama mwongozo ulivyosema. Ikaja sitini. Aliituma hiyo sitini. Ile karatasi yenye arobaini na moja aliikunja, akaitia katika mfuko wa koti lake.

Mkutano wa Stockholm ulifanyika tarehe 21 Novemba. Majibu yalionyeshwa ukutani, nukta nane zimeshikana juu, moja peke yake chini. Ile ya chini ilikuwa ya Eilif Haugtun, kutoka maabara ndogo ya Norwe, mtu mrefu, mpole, mwenye kigugumizi kidogo. Alisimama akaeleza kwamba aliosha kobalti mara mbili, ndiyo maana namba yake iko chini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda umeiosha na nikeli yenyewe!" Chumba kikacheka. Eilif akangoja kicheko kiishe, kisha akauliza taratibu, "Hakuna mwingine aliyepata karibu na arobaini? Hata mara moja tu?"

Hilkka alikuwa mstari wa pili. Aliangalia kikombe chake cha kahawa. Alimsimulia binti yake kwamba alijisemea, nitanyanyua mkono sasa, na tena, sasa hivi, mpaka mwenyekiti akasema twende kula.

Maabara ya Eilif iliondolewa kwenye orodha ya wanaoaminiwa kupima nikeli. Mwaka 1998 yeye mwenyewe aliacha kazi hiyo, akaenda kufundisha kemia sekondari katika mji wa Kongsvinger.

Mwaka 2001 mambo yalibainika. Maji yaliyotengenezwa kwa kipimo kinachojulikana yalionyesha kwamba wale wanane walikuwa wakihesabu kobalti pamoja na nikeli. Na ni nani aliyesimama kupendekeza kuosha mara mbili, kana kwamba wazo limemjia juzi? Hilkka. Mtu akauliza, "Si ndivyo alivyosema yule Mnorwe?" Naye akajibu, "Huenda." Mwongozo mpya uliandikwa kwa mkono wake, akapewa tuzo ya kioo. Tuliishangilia nyumbani kwa chakula. Yeye aliishusha ghala la chini, akaiweka nyuma ya makopo ya rangi, na Raimo alipouliza aliambiwa ukuta hauna nafasi.

Mwezi Machi 2019 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson. Mikono iliyokuwa haimwagi hata tone ikaanza kumwaga chai. Mume wake Raimo alikuwa ameshafariki mwaka 2016 bila kuambiwa lolote. Septemba 2022 Hilkka akamwambia Outi, "Nipeleke Norwe kabla miguu haijakataa." Njiani, ndani ya treni kutoka Oslo, ndipo alipomweleza yote. Outi alikasirika, akahamia kiti cha mbele yake, wakafika Kongsvinger hawasemezani.

Eilif aliwafungulia mlango akiwa amevaa kandambili, mzee wa miaka sabini na saba. Aliwapa waferi, zile chapati nene za maziwa za kwao, na jibini ya kahawia, akamsaidia Hilkka kushika kikombe. Hilkka hakungoja.

"Bwana Haugtun, mwaka ule mimi pia nilipata arobaini na moja. Nikaificha."

"Nilijua."

"Ulijua vipi?"

"Watu wote mle ndani walinitazama wakacheka. Wewe peke yako hukunitazama."

"Mbona hukunisema?"

"Kwa ushahidi gani, mama? Kwamba umetazama kahawa?" Akamsogezea sahani ya waferi. "Ulipata ngapi hasa?"

"Arobaini na moja nukta tatu."

"Mimi arobaini na moja nukta saba." Akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Ungekuja mapema. Mke wangu Solveig alifariki 1999. Alikuwa ananifariji kila siku, akiniambia kila mtu hukosea. Nilimwambia sikukosea. Hakuniamini, ila alinipenda hivyohivyo. Hilo siwezi kulirekebisha, wala wewe."

Hilkka akamwomba radhi. Eilif akasema, "Nimesikia." Hakusema zaidi ya hapo, naye Hilkka hakumwomba zaidi. Eilif alimfungia Outi waferi mbili kwa ajili ya safari.

Tarehe 17 Aprili 2023 marehemu aliirudisha tuzo ya kioo kwa waandaaji wa vipimo vile, pamoja na barua na ile karatasi iliyokunjwa. Waliichapisha barua yake nzima katika ripoti ya mwaka huo. Walimpigia simu kumwambia amefanya jambo la kishujaa. Aliwajibu, "Acheni hayo. Ushujaa ulikuwa na siku yake, nami nilikuwepo."

Kuanzia vuli hakuweza tena kutembea. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024 hospitalini, Outi na Jarkko wakiwa kando yake, akiwa na miaka 73.

Ameacha watoto wawili, Outi na Jarkko. Mkwe wake Minttu. Wajukuu Oona na Veikka. Dada yake Irja na kaka yake Tauno. Ameacha pia wafanyakazi wenzake, ambao baadhi yenu mmesikia haya leo kwa mara ya kwanza. Familia inawaomba radhi kwa niaba yake, na inamwomba radhi Bwana Eilif Haugtun, ambaye hayupo hapa, na ambaye hakuna aliyejiona ana haki ya kumwalika.

Mungu ampokee Hilkka jinsi alivyokuwa, si jinsi tulivyotamani kumsifu. Alale salama.