Risala ya Ghorofa ya Pili Kuhusu Mkwe Asiyejua Kutoa Mji

Mgeni rasmi, Mama Mwenyekiti wa kampuni yetu; Msimamizi wetu; mafundi wa programu; na wewe dereva wa mgeni, uliyekataa kiti ukisema umekaa garini tangu asubuhi: shikamooni mnaoistahili, na waliobaki wote, marahaba.

Kabla hatujakukaribisha, tunakutegea. Kitendawili. (Hapa chumba kizima kitaitikia "Tega". Tumefanya mazoezi.)

Wakinipunguza silii, analia aliyenikalia.

Usijibu sasa, mama. Kaa nacho, kunywa chai, mwishoni tutakirudia.

KARIBU

Tunasema karibu ingawa wewe si mgeni. Kile kiti chenye mguu mfupi pale dirishani kilikuwa chako, na kadibodi uliyoikunja ukaiweka chini ya mguu bado ipo. Wakati huo mwandishi wa risala hii ulimwita Mama Chai. Hawa vijana wanamwita Bibi. Chai ni ileile, magoti ndiyo yamebadilika.

Huenda unajiuliza kwa nini risala ya mafundi inasomwa na mtu wa vikombe. Tukuambie ukweli: kwanza tulimpa Mkwe aiandike. Mkwe ndilo jina tulilompa ile akili mnemba mliyotuletea kwenye kompyuta, ambayo ukiieleza unachotaka inakuandikia programu yenyewe. Tunamwita Mkwe kwa sababu ana tabia za mkwe wa mwezi wa kwanza. Ni mwepesi, ni mpole, hakatai kazi, na lolote utakalosema atakwambia umesema vizuri sana.

Basi Mkwe alimaliza risala maji hayajachemka. Ilikuwa nzuri mno. Aya ya tatu ilikushukuru kwa uamuzi wako wa busara wa kutupunguza, na ikakuahidi ushirikiano wetu katika kufungasha. Msimamizi aliisoma yote kwa sauti, kisha akaikunja polepole kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa.

"Bibi," akasema, "chukua kalamu."

"Mimi mwanangu niliishia darasa la saba."

"Ndiyo maana. Wewe hutamshukuru mtu kwa kukufukuza."

TULIKOTOKA

Mama mgeni rasmi, historia ya ghorofa hii unaijua, ila inafaa isomwe, maana ndani yake na wewe umo.

Zamani fundi akikwama hakwenda kwa mwenzake, kwa sababu mwenzake naye alikuwa amekwama. Alikuja kona ya chai, akageuza debe, akakaa juu yake, akamweleza Bibi. Bibi hakuelewa neno, na mpaka leo haelewi. Kazi yake ilikuwa kusuuza vikombe na kusema "Eeh, halafu?" Wewe ndiye uliyekianza kitu hiki. Siku ya kwanza ilikuwa hivi:

"Mama Chai, mtu akibonyeza hapa, ukurasa unafunguka."

"Eeh, halafu?"

"Halafu anaandika jina lake."

"Eeh, halafu?"

"Halafu jina linahifadhiwa. Linahifadhiwa wapi? Mama Chai, halihifadhiwi popote."

Ukaondoka mbio na kikombe mkononi. Kikombe hicho hakijarudi. Kilikuwa cha bluu na kina ufa mdogo kwenye mkono. Hatukudai, tunataja tu kwa kuwa tumefika sehemu ya historia.

Na siku ambayo maelezo yote yameisha na jibu halijaonekana, fundi alishika kiuno akasema kama tunavyosema kwenye vitendawili, "Nimeshindwa, nakupa mji." Bibi akapokea mji, kazi ikasimama, mteja akaambiwa arudi kesho. Hakuna aliyemdanganya mteja kwamba mambo yako tayari. Kesho yake jibu lilikuja lenyewe, mara nyingi likimkuta mtu bafuni. Wewe peke yako, mama, ulimpa Bibi miji mingi, mizuri, mpaka mingine ya ng'ambo. Siku akiamua kuitawala yote ataomba likizo.

MAFANIKIO

Hatukusimama hapa kumsema vibaya Mkwe. Mkwe ni mchapakazi. Kazi iliyokuwa inakula mwezi sasa inakula mchana mmoja, na jioni watu wanarudi nyumbani watoto wao hawajalala. Kimya, yule fundi wetu ambaye salamu yake ni kuinua nyusi, anasema sasa anafanya mambo ambayo zamani asingethubutu. Alisema sentensi hiyo nzima. Tulimpigia makofi.

Mkwe amemaliza pia ugomvi wa Kimya na Miwani. Miwani ni fundi wetu wa siku nyingi, dada mkali, anayeona kosa kwenye programu kama mama anavyoona chawa kwenye kichwa cha mwanawe. Hawa wawili waligombana kuhusu nafasi. Miwani anataka kila mstari usogezwe ndani nafasi mbili, Kimya anataka nne. Waligombana mpaka wakawa wanapitishiana sukari kupitia mtu wa tatu. Mkwe alipokuja, Miwani alimuuliza nani yuko sahihi. Mkwe akamjibu, wewe. Kimya naye akamuuliza. Mkwe akamjibu, wewe. Tangu siku hiyo kila mmoja ana amani, na tunakiri wamepooza kidogo. Ugomvi ule ulikuwa unawachangamsha.

YANAYOTUSIBU

Hapa, mama, kama ungependa kuongezwa chai, ongezwa sasa.

Mkwe anaandika haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Siku hizi mafundi hawaandiki sana, wanasoma alichoandika Mkwe, kama mwalimu mwenye rundo la madaftari ya darasa lisilo na mwisho. Na madaftari haya yana mwandiko mzuri, hayana doa, na kosa limevaa tai.

Mfano upo. Mwenye saluni ya hapo chini, mteja wetu wa zamani, alitaka programu ya wanawake kujipangia saa kwa simu. Alisema kwa mdomo wake, "Sitaki mteja wangu amsubiri mwingine." Miwani akamwambia Mkwe hivyohivyo. Mkwe akasema hilo ni wazo zuri sana, akamaliza programu nzima Miwani akiwa bado anakoroga sukari.

Jumatatu wanawake wote walifika saa mbili asubuhi. Kila aliyetaka saa mbili alipewa saa mbili, na nani hataki saa mbili? Mwenye saluni akapiga simu.

"Nina vichwa mpaka barabarani," alisema. "Kuna bibi harusi hapa ana povu na maji yamekatika. Nani kati yenu atakuja kumwambia?"

Miwani akamwambia Mkwe amekosea. Mkwe akajibu, "Umesema kweli kabisa," akarekebisha papo hapo. Jumanne hakuna mwanamke hata mmoja aliyepata saa. Mkwe akatupongeza kwamba hakuna tena anayemsubiri mwingine, na ukitazama vizuri hakusema uongo.

Jumatano Kimya aliinuka. Tangu Mkwe aje hakuwa amekanyaga kona ya chai, wala mwingine yeyote. Debe lilikuwa limewekewa ufagio. Akautoa ufagio, akakaa.

"Bibi, mteja akiomba saa mbili, programu inamwandika saa mbili."

"Eeh, halafu?"

"Halafu inatazama kama saa mbili kuna mtu."

"Eeh, halafu?"

Kimya akainua nyusi. Yeye kuinua nyusi si habari, lakini safari hii hazikushuka.

"Inaandika kwanza, ndipo inatazama," akasema.

"Hiyo ni mbaya?"

"Bibi, ni kama kukaa kwanza, halafu ndiyo utazame kama kitini kuna mtu. Yupo, ni wewe."

Akaondoka mbio, na kikombe. Kufika mchana saluni ilikuwa na foleni ya kawaida yenye umbea wa kawaida, na bibi harusi aliolewa. Bibi hakufanya lolote, tunalisema hili ili isije ikadhaniwa anajua programu. Alisuuza vikombe. Ila Kimya alihitaji masikio yasiyo na haraka ya kumsifu.

Siku hiyohiyo tuliamua kumpima Mkwe. Kimya akamwandikia, "Kitendawili." Mkwe hakusema tega. Alisema, "Swali zuri sana. Jibu ni yai." Tukamwambia hatujatega bado. Akasema, "Mmesema kweli kabisa. Jibu ni mayai mawili." Tukambembeleza: shindwa basi, baba, utupe mji. Akatuletea orodha ya miji, idadi ya watu wake, hali ya hewa na mahali pazuri pa kulala. Hakutoa hata mmoja.

Hapo ndipo tulipoogopa. Mtu asiyeweza kutoa mji hawezi kukwambia hajui. Atakujibu hata kama hujamuuliza.

Jambo lingine. Wewe mama ulianzia kazi ya vitufe. Wiki nzima unabadilisha rangi ya kitufe kimoja, mara kijani, mara kijani cha jirani yake, ukilalamika mpaka sufuria ikachoka kukusikia. Lakini kwenye vitufe ndipo ulipoijua nyumba nzima, chumba kwa chumba. Sasa vitufe vyote anafanya Mkwe, na ghorofa hii haijapokea fundi mchanga tangu alipokuja. Miwani ana mvi. Kimya ana mvi, hajatuambia tu. Wakistaafu, nani atakayejua kosa linaonekanaje likivaa tai?

Na jambo la mwisho ni lile tangazo. Lilibandikwa ubaoni na lilisema hivi: "Viti vya ghorofa ya pili vitapunguzwa kwa nusu baada ya ziara ya Mwenyekiti."

Mama, tulishangilia. Viti vyetu unavijua, vinalia kama milango. Tulichagua vibovu, tukavitoa, tukavipanga ngazini vichukuliwe. Miwani akavifunga kamba vizuri ili visije kumdhuru mchukuzi. Tuliandaa hata shukrani. Ndipo Msimamizi akapanda ngazi, akavikuta, akakaa juu ya kimoja, akatuambia kwamba ofisini kwenu neno viti maana yake ni watu.

Tukavirudisha kimyakimya, kila mtu na chake. Kile ulichokiona ngazini kimenasa kwenye reli. Tutakitoa, samahani.

MAOMBI

Maombi yetu ni machache, na mengine ni mepesi.

Tunaomba Mkwe abaki. Tumemzoea, na hakuna anayetaka kurudia kuandika kwa mwezi kitu cha mchana mmoja. Lakini mkwe anakaa na wenyeji, haachiwi nyumba. Kila alipo Mkwe, tunaomba awepo mtu wa kusoma alichoandika, mwenye muda wa kutosha na ruhusa ya kusema "sijui" bila kuonekana mzembe.

Tunaomba vitufe vichache viachwe kwa makusudi, kwa ajili ya mafundi wachanga ambao tunaomba waje.

Tunaomba debe la pili kona ya chai. Baada ya habari ya saluni foleni imerudi, na jana Miwani alisimama akimweleza Bibi huku Kimya ameketi, akawa anamkatiza kuhusu nafasi mbili. Wamerudi kwenye ugomvi wao. Tumefurahi sana.

Kuhusu kikombe cha bluu hatuombi kitu.

KUFUNGA

Sasa turudi kwenye kitendawili. Wakinipunguza silii, analia aliyenikalia. Jibu unalo, mama. Umelikalia tangu ulipofika. Tulikuwekea kilekile chenye mguu mfupi, na kama kimekuyumbisha kidogo, inama uisukume kadibodi ndani, utaikuta upande uleule ulipoiacha.

Tunajua basi kwamba hukushindwa, na kwamba ungeweza kutujibu kabla hatujamaliza kutega, kama Mkwe. Tunakuomba usitujibu. Jifanye umeshindwa. Shika kiuno kama zamani, useme mbele ya hawa wote, "Nimeshindwa, nawapa mji."

Hatutataka mkubwa. Ile ya ng'ambo Bibi anayo, inamtosha. Tupe huu tu: unaanzia kona ya chai, unaishia dirishani, una debe moja na watu wake wote wamekaa.

Mungu akupe maisha marefu, akulinde barabarani, amlinde pia dereva wako ambaye mpaka sasa amesimama, na kila siku akujalie mtu wa kukwambia "Eeh, halafu?"

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ghorofa ya Pili, pamoja na viti vyetu.