Kola ya Dhaka: Maisha ya Papa Placide Bisimwa Mushagalusha, Fundi wa Yeoville

Placide Bisimwa Mushagalusha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mushagalusha, fundi wa baiskeli, na Mama M'Cishugi, muuza maharage. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alianza wivu kabla ya kuota meno: kaka yake akibebwa, yeye alilia mpaka abebwe yeye. Jambo hili tunalisoma mbele ya mchungaji na wageni kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba lisifichwe.

Alimaliza shule ya msingi ya parokia mwaka 1970, akaingia karakana ya ushonaji ya masista, mvulana peke yake kati ya wasichana. Walimcheka vya kutosha. Miaka michache baadaye wasichana haohao walipanga foleni mlangoni kwake na vitambaa vya arusi zao, naye akawachagulia mitindo bila kuwauliza.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Maman Brigitte Nabintu. Gauni la bibi arusi alilishona mwenyewe, maana hakutaka fundi mwingine ajue vipimo vya mke wake. Mungu aliwajalia watoto wawili, Héritière na Glody.

Vita vilipoikaba Bukavu, familia iliondoka, na mwezi Januari 2001 ikafika Johannesburg. Papa Placide alifungua duka dogo la ushonaji Rockey Street, hapa Yeoville, kati ya saluni na spaza, kiduka cha mkate na vyakula. Suti zake zilijulikana kwa kola: ilikaa shingoni bila kuinuka, hata mwenye suti akiinama kufunga kamba za viatu. Wapo hapa leo wanaoweza kushuhudia, wakiwa wamezivaa.

Kisha ukaja mwaka 2015. Glody alikuwa anamaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, na baba yake alimshonea suti ya kijivu kwa ajili ya sherehe. Siku ya sherehe kijana alitoka chumbani amevaa suti nyingine, ya dukani, akasema kwa Kiingereza kwamba wenzake wote wamenunua za namna hiyo. Baba hakugombana naye. Alimwomba asimame, akageuza kola, akasoma lebo iliyoshonwa ndani: Bangladesh. Akaipiga pasi suti ile ya kununua, akamwacha mtoto aende. Ile ya kijivu aliitundika ukutani dukani, na kila mteja aliyetaka kuinunua alijibiwa kwamba ina mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na amani kwa mtu mwenye kola. Aliwageuzia kola waumini mlangoni mwa kanisa, asome nguo zilikoshonwa, na mara moja alimgeuzia askari wa benki aliyekuwa kazini. Mke wake alipomwambia aone aibu kumwonea wivu kila mtu mwenye nguo, alimjibu: "Mimi siko na wivu ya mutu, Brigitte. Niko na wivu ya muji muzima."

Habari za mji wenyewe alizipata kwa Burhani, mwenye ile spaza ya jirani, mzaliwa wa Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Papa Placide alikwenda kununua mkate akauliza Bangladesh ni mji gani huo unaowavika watoto wa watu wengine. Burhani, ambaye miaka mingi hakuulizwa habari za kwao, alimpa kiti. Kiti hicho kikawa chake kila adhuhuri.

Alikwenda kutafuta kasoro, na alizipata. Aliposikia kwamba Dhaka imekaa kwenye ardhi tambarare, chini, kando ya mto Buriganga, na kwamba haina hata kilima kimoja, alirudi nyumbani akila kwa hamu, akiwahesabia watoto vilima vya Bukavu. Aliposikia kwamba mvua kubwa zikija maji huingia mpaka barabarani, na watu hukunja suruali na kuendelea na safari, aliagiza chai ya pili. Lakini Burhani alikuwa na mengine. Alimweleza kwamba zaidi ya miaka mia nne iliyopita wafalme wa Mughal waliifanya Dhaka makao makuu ya jimbo la Bengali, na kwamba melimeli iliyofumwa huko ilitakiwa na majumba ya kifalme ya Asia na Ulaya, kitambaa chepesi kiasi kwamba mvaaji alionekana kama hakuvaa. Papa Placide aliweka kikombe chini. Akauliza kama uzi huo bado upo. Burhani akamwambia kwamba Waingereza walipotawala, kazi ile ilikufa na mji ukasinyaa, Kolkata ikachukua heshima yote.

Kilichomuuma zaidi si kitambaa. Burhani alimsimulia kwamba Dhaka ilipokuwa mji mkuu wa Pakistani ya Mashariki, serikali ilitaka Kiurdu peke yake kiwe lugha ya taifa, na mwaka 1952 wanafunzi waliandamana kutetea Kibengali wakapigwa risasi. Mwaka 1971, baada ya vita, ukawa mji mkuu wa nchi huru. Papa Placide alirudi akamwambia Glody habari ile kwa Kiswahili, yote, na Glody akamjibu kwa Kiingereza cha mtaani, kama mtu anayesema sawa: "Sharp, Papa." Siku hiyo alimwambia mke wake kwamba Dhaka imemshinda mara mbili, kwa kitambaa na kwa lugha, na ya kwanza angeweza kuisamehe.

Mwaka 2017 Burhani alikwenda kusalimia kwao. Dada yake, Shirin, ni mmoja wa mamilioni ya watu wanaovifanya viwanda vya nguo kuwa uhai wa nchi ile. Miaka yote anashona kola tu. Mikono ya shati hushonwa na mwingine, vifungo na mwingine. Aliposikia kwamba kuna fundi Johannesburg anauonea wivu mji wake, alicheka, akaketi nyumbani kwake akamshonea shati jeupe zima, akalituma.

Papa Placide alivaa miwani akalikagua shati lile tangu asubuhi mpaka Maman Brigitte akafunga duka. Kola haikuwa na kosa. Mikono ilivuta begani kidogo, kazi ya mtu aliyekaa miaka bila kushona mikono. Tunasema ukweli: alifurahi mno. Aliifumua yote miwili akairudia upya. Kisha akalificha shati kabatini, akatangaza kwamba suti yake ya kuzikiwa ameshaishona mwenyewe, na kwamba hakuna uzi wa Dhaka utakaoingia kaburini pamoja naye.

Septemba 2018 madaktari waligundua saratani ya tumbo. Alivumilia matibabu bila kulalamika, ila kulalamikia mashuka ya hospitali, ambayo aliyageuza kutafuta yalikoshonwa. Siku moja Glody alikuja kumwona amevaa ile suti ya kijivu, baada ya kuitoa ukutani mwenyewe. Ilimbana mabegani na mikono imekuwa mifupi. Baba alimtazama sana. Alinyoosha mkono akageuza kola, kwa mazoea, akairudisha taratibu.

Wiki ya mwisho alimwita mke wake akamwambia: "Ile kola imenipita, Brigitte. Munivalishe ile shemizi ya Dhaka. Na museme mu programu nani alishona kola, na nani alirudilia mikono." Alipumzika kidogo, akaongeza kwamba huyo dada angezaliwa Bukavu angemfundisha mikono mwenyewe.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2019, nyumbani kwake Yeoville, mkewe na watoto wakiwa kando yake.

Ameacha mjane, Maman Brigitte, watoto wawili, Héritière na Glody, ambaye amekataa suti yake ya kijivu irekebishwe na fundi yeyote, wajukuu wawili, dada zake wawili walioko Bukavu, na jirani yake Burhani, ambaye kiti cha adhuhuri hajakiondoa.

Mtakapopita kumuaga, angalieni shingoni. Kola ni ya Shirin, wa Dhaka. Mikono ni ya Placide.

Ulale kwa amani, Baba Héritière. Wivu tuachie sisi.