Wivu wa Kocha Winifred

Mchungaji Oberly, ndugu, majirani, na ninyi wasichana wa Tilden mliojaza viti vya nyuma, ingawa wengine wenu sasa ni mabibi wenye wajukuu, familia imemtuma huyu Gilbert Ensor aliyesimama mbele yenu, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, na marehemu mwenyewe alimpa sharti moja akiwa kitandani: "Gil, usinipake asali. Sema nilikuwa na wivu. Wote wanajua, usiposema watakucheka humo humo kanisani." Basi tutasema.

Marehemu Winifred Ensor Pruitt alizaliwa tarehe 6 Machi 1938 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la baba yetu, kaunti ya Carroll, jimbo la Maryland, akiwa mtoto wa kwanza, na wivu wake wa kwanza ulikuja na huyu msomaji wenu, kwani alipoonyeshwa kichanga aliuliza kitarudishwa lini. Alisoma shule ya msingi Manchester, hapo hapo kaunti ya Carroll, kisha shule ya wasichana mjini Baltimore, ambako mwaka 1952 alishikishwa kwa mara ya kwanza fimbo ya lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye kifuko nchani, na tangu siku hiyo mama yetu hakumpata tena wa kukamua ng'ombe. Alihitimu ualimu wa michezo chuo cha Towson mwaka 1960, akafunga ndoa na Dallas Pruitt, mfamasia, tarehe 17 Juni 1961, wakajaliwa watoto wawili, Lenore mwaka 1963 na Dallas mdogo mwaka 1966.

Septemba 1964 aliajiriwa na Chuo cha Tilden kufundisha timu ya wasichana, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1998, na wote mliopita mikononi mwake mnakumbuka kwamba hakuna msichana aliyeingia uwanjani kabla Kocha hajamsukia kifuko cha fimbo yake kwa mikono yake mwenyewe, mikanda ya ngozi huku, uzi kule, akivuta kwa meno, akinung'unika, "Wewe unashika fimbo kama ufagio, nikusukie nini mimi?"

Mwaka 1972 alikuja Theresa Wojcik, binti wa mchomelea vyuma wa bandarini kutoka Dundalk, ambaye hakuwahi kuiona lakrosi hata kwa mbali, na marehemu akampenda kupita kiasi, akamsukia fimbo, akamlisha mezani kwake, akamfanya nahodha, na alipohitimu akamfanya kocha msaidizi. Lenore yupo hapa, ataniwia radhi, yeye ndiye aliyemwuliza mama yake siku moja mezani, mbele ya sahani ya kaa, "Mama, mimi nikijifunza kudaka mpira utanipenda hivyo?" Maana wivu, jamani, ndani ya nyumba ile hakuwa nao mtu mmoja.

Agosti 1983 Chuo cha Aldersgate, jirani zetu ng'ambo ya mto, walimwita Theresa awe kocha wao mkuu, naye akakubali. Marehemu alimpa mkono, akamtakia heri, akarudi nyumbani akavunja bakuli. Hakumwonea Theresa wivu kwa cheo, wala kwa jina lake kuandikwa magazetini, ingawa hayo nayo yalimchoma, aliwaonea wivu wale wasichana wa Aldersgate, watoto wa watu wasio na kosa lolote. "Anawasukia fimbo?" alikuwa akiuliza. "Anawapikia? Wakilia anawakumbatia?" Neno lake lilikuwa lile lile kwa miaka yote, kwamba Theresa alitakiwa kuchagua na hakumchagua yeye. Shemeji yetu Dallas, Mungu amrehemu, alizoea kusema, "Ningeonewa mimi wivu hata robo ya huo, ningekuwa mume mwenye furaha kuliko wote Maryland."

Tarehe 2 Mei 1987 timu hizo mbili zilikutana fainali, mvua ikinyesha tangu asubuhi, magoli nane kwa nane, na dakika ya mwisho binti wa Aldersgate akafunga. Upande wa pili walikuwa wanarukaruka tayari, lakini marehemu alikuwa haangalii goli, anaangalia fimbo ya mfungaji, kwani aliitambua tangu mbali, ndiyo ile aliyomsukia Theresa miaka kumi na mitano nyuma, na alijua ngozi yake ikinywa maji hulegea. Akamwita refa, "Pima ile." Refa akalaza mpira kifukoni, mpira ukazama wote chini ya ukingo wa mbao wa fimbo, na kanuni haina huruma, kifuko kikizidi kina kilichoruhusiwa, goli hufutwa. Tilden wakachukua mpira, wakafunga, wakatwaa kombe, la kwanza na la pekee katika maisha yake yote ya kazi.

Theresa alivuka uwanja, maji yakimtiririka, hakugombana na mtu. "Kila mwaka wananiambia niondoe ngozi niweke nailoni," alisema. "Nimekataa. Umesuka wewe, Kocha. Nampa mchezaji wangu bora tu." Marehemu akajibu, "Goli halikuwa halali," akageuka, na usiku ule alilia juu ya sinki mpaka shemeji akaja kumfungia bomba. Mngedhani wivu ungeisha hapo. Thubutu! Ulizidi, kwani sasa alimwonea wivu na yule mtoto aliyepewa fimbo.

Oktoba 2011 madaktari waligundua saratani ya kongosho, na kila Alhamisi Theresa alivuka mto na supu ya kaa, akakaa kando ya kitanda. Swali la kwanza lilikuwa, "Mmeshinda?" Wakiwa wameshindwa, marehemu alimaliza bakuli, wakiwa wameshinda, supu ilikuwa na chumvi nyingi. Mwezi huu alimkazia macho akamwuliza, "Nikizikwa siku ya fainali yako, utakwenda wapi?" Theresa akajibu, "Fainali, Kocha. Ndivyo ulivyonifundisha." Marehemu alisema ni jibu sahihi, kisha akageukia ukutani, na hatukumsikia tena akiuliza matokeo. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 23 Aprili 2012, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru Daktari Lindqvist na wauguzi waliovumilia kufundishwa kazi yao na mgonjwa, majirani walioondoa theluji mlangoni bila kuombwa, uongozi wa Tilden, na ninyi wote mliokuja, na wale ambao hatukuwataja msidhani tumewasahau, mkidhani hivyo mtakuwa mmerithi tabia yake.

Leo ni Jumamosi, tarehe 28 Aprili. Saa saba hii mchana, tunavyozungumza, Aldersgate wanaanza fainali, na wasichana wale wameingia uwanjani na kocha msaidizi, kwa sababu kocha wao mkuu yupo benchi la tatu kulia, kavaa koti jeusi, na simu yake kaizima.

Winnie, dada yangu, amekuja kwako. Geuka sasa kutoka ukutani, ulale kwa amani.